Maji Kwenye Keria ya Nyuma

Mchanga wa Sharqiya huko Oman, ambao wengi bado wanauita Wahiba, una mpango wake. Matuta makubwa, mengine yakikaribia mita 100 kwenda juu, yamelala kutoka kaskazini kuelekea kusini, na kati yake kuna mabonde marefu ambamo gari hupita vizuri. Taabu humpata anayetaka kulikata tuta ili aingie bonde la pili.

Kijana mmoja wa Unguja alikuwa akifanya kazi katika kambi ya wageni upande wa Bidiya. Alikabidhiwa pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kazi, yenye keria mbele na nyuma na winchi puani, apeleke maji kwenye zizi la ngamia. Kwa njia ya mabondeni alitumia karibu saa nzima. Kwa kukata tuta, angefika kabla jasho halijamkauka.

Mwenye ngamia alikuwa mzee wa Kiomani aliyekulia Unguja kabla ya 1964, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa. Asubuhi moja mwishoni mwa Mei alimkuta kijana akifunga madumu matatu ya lita 20 kwenye keria ya nyuma, moja halijajaa.

“Mwanangu, mzigo huo utakuvuta nyuma. Pita bondeni.”

“Haya, Ami. Napita bondeni.”

Akapita bondeni mpaka mzee alipoacha kumwona, kisha akageuza usukani kulielekea tuta.

Mashine hii ni fupi na imeinuka, na kinachoisawazisha ni mwili wa dereva. Akipanda mlima husogea mbele na kuinama juu ya usukani. Akikata kona huegemea upande wa ndani. Kiti kimefanywa kirefu ili apate nafasi ya kusogea hivyo, ingawa wengi hudhani kimewekewa abiria. Maji yaliyofungwa nyuma hayainami naye. Na dumu lisilojaa ni hatari zaidi, kwani maji yake hukimbilia upande ambao mashine imeshaanza kulemea.

Kibandiko cha keria hutaja uzito unaoruhusiwa: kwenye mashine nyingi za kazi, nyuma ni kilo 60 hadi 80, mbele kama nusu yake. Huo ni uzito wa juu kabisa, na vitabu vya watengenezaji huagiza upunguzwe kwenye miinuko na ardhi mbovu. Kijana hakuwahi kuoneshwa kitabu hicho. Haraka yake naielewa. Ninayemlaumu zaidi ni yule aliyempa ufunguo bila kumfundisha hata siku moja.

Alifuata njia aliyopita juzi. Upepo ulikuwa umeshalibadilisha tuta, na karibu na kilele mchanga ukawa laini na mteremko ukasimama. Mwendo ulipokufa, akaongeza mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakanyanyuka, na karibu kilo 300 za chuma zikarudi nyuma pamoja na maji. Alipaswa kuachia mafuta mapema, ashike breki, ashukie upande wa juu.

Pikipiki ilimlalia pajani. Ingemlalia kifuani, asingeweza kumsimulia mtu kisa hiki yeye mwenyewe. Australia, ambako wakulima wamekuwa wakifa hivyo, baadhi yao bila jeraha kubwa ila kukosa pumzi chini ya mashine, tangu Oktoba 2021 pikipiki mpya za namna hii haziruhusiwi kuuzwa bila fremu ya kumkinga dereva.

Madumu yaliviringika mpaka chini ya tuta. Simu ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa kwenye keria, nalo limefukiwa. Mwilini hakuwa na chupa wala filimbi. Katika joto linalopita nyuzi 40 mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na yeye hakuwa na tone.

Adhuhuri mzee akaona ngamia hawajapata maji, akapiga kelele kambini. Gari mbili zikatoka, zikapita bonde lote kwenda na kurudi, kisha zikarudia. Watu wale hawakuzembea: walimtafuta palepale aliposema anapita. Saa zilikwenda hivyo, mpaka mzee akasema kwamba bondeni hapana alama hata moja ya pikipiki baada ya pale yeye alipoacha kumwona, na kwamba kijana amemdanganya. Ndipo wakapanda tuta.

Alikutwa hai, anaongea maneno yasiyounganika. Nyonga ilivunjika, na figo zilimlaza hospitali kwa wiki kadhaa.

Siku hizi maji ya zizi hupelekwa kwa gari. Anayetoka na pikipiki hubeba maji mgongoni na simu mfukoni, huandika ubaoni njia atakayopita na saa ya kurudi, na akitaka kubadili njia hupiga simu kambini kwanza. Pasipo na mtandao, haibadili.