Bakhita Bawabu

Wako wanaodhani kwamba utakatifu ni fadhila waliyotengewa mapadri na watawa peke yao, ilhali Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mnamo mwaka wa 1964, ulibainisha ya kuwa kila mbatizwa, wa hali yoyote na kazi yoyote, ameitwa kwenye ukamilifu wa mapendo. Na atazamwe Mtakatifu Yosefina Bakhita, mzaliwa wa Darfur nchini Sudan, ambaye alitekwa nyara angali mtoto, akauzwa na kununuliwa mara kadha wa kadha, akachanjwa mwilini na majeraha yake yakatiwa chumvi, hata alipofika Italia akabatizwa katika mji wa Venice tarehe 9 Januari 1890, kisha akajiunga na Masista Wakanosa.

Katika mji wa Schio, huko huko Italia, hakuasisi shirika wala hakushika cheo: alipika, alishona, alitarizi, na zamani za ubawabu wake aliwapokea watoto na maskini kwa sauti ya upole. Na wale waliomteka, ambao nafsi zetu zingewalaani bila ya kusita, alisema kwamba lau angekutana nao angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwani pasipo hayo yaliyompata asingalikuwa Mkristo. Kwa yakini sijui msamaha mzito kuliko huo.

Basi, ewe msomaji, shika kazi yako ya leo kwa ikhlasi, na kabla ya jua kuchwa umwendee yule uliyehasimiana naye.