Niko na Nyumba

Kijana anayeuza unite za simu hapa mtaa wa Bigo, mjini Bunia, Kongo, alipokea simu akajibu kwa Lingala: "Nazali na ndako." Alikuwa barabarani, vumbi la pikipiki likimpita usoni, naye anasema yuko nyumbani. Uongo wa simu nimeuzoea. Kilichonishika ni ile *na*.

Ukiiandika hivyo, bila alama za toni, sentensi yake ina maana mbili: niko nyumbani, au nina nyumba. Muktadha ndio unaoamua.

Neno hili limetapakaa mbali. Kwa Mpoland *na* ni juu ya. Kwa Mrusi pia, ila akikunyooshea mkate husema *na*, yaani haya, shika. Mreno ameshona *em* na *a* akapata *na* yake, ndani ya kitu chenye jinsia ya kike. Mjerumani huulizia hali kwayo: *na?* Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa 1916, angesema sauti na maana hufungwa na desturi tu. Kwa Mreno na Mrusi nakubali, wamegongana njiani.

Lakini Kiswahili na Lingala ni watoto wa ukoo mmoja wa Kibantu, na hapo bahati hainitoshi. *Na* yetu haitulii. "Alipigwa na ndugu yake": ndugu ndiye aliyempiga, au walipigwa wote wawili? Adui na mwenzi wanapita mlango uleule. Mfaransa ana *avoir*, kitenzi kizima cha kushikia mali. Sisi hatuna cha namna hiyo katika maneno ya kila siku. Tuna *kuwa na*. Huku kwetu, jimbo la Ituri, hata "nina" tunaiacha, tunasema "niko na nyumba", kana kwamba nyumba ni mtu niliyeandamana naye. Naona lugha yetu ni ya kweli kuliko hati ya kiwanja: kumiliki ni kuwa pamoja na kitu, na aliye pamoja nawe huweza kubaki nyuma.

Tangu mwisho wa 2017 watu wa eneo la Djugu wamekuwa wakikimbia mashambulizi na kuingia mjini hapa. Muulize mama aliye chini ya turubai kule kambi ya waliokimbia makwao ya Kigonze, atakujibu kwa Kiswahili, "Niko na nyumba," na anasema kweli. Mwambie aigeuze kwa Lingala. *Nazali na ndako*, atasema, kisha ataitazama turubai.