Aliyerusha Ndiye Aokote

Wajukuu zangu wa Kharumwa, sogezeni viti, na huyo mwenye simu apunguze sauti. Nimesikia mnavyoishangilia habari ya kombora linaloozea ardhini na kuotesha mti. Sina nia ya kuwakatisha furaha. Ila nimezeeka nikisema maneno haya haya, na leo nayasema tena, polepole.

Habari yenyewe ni ya kweli. Kuelekea mwaka 2017, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba inatafuta wabunifu wa makombora ya mazoezi yenye maganda ya kuoza na mbegu ndani yake, kuanzia ya milimita 40 hadi yale ya mizinga ya milimita 155. Mbegu zitengenezwe zisichipue mpaka zikae ardhini miezi kadhaa, kisha mimea yake isaidie kusafisha udongo. Sababu waliitaja wenyewe: maganda ya sasa yanaweza kukaa ardhini mamia ya miaka. Nasema walitafuta. Kutafuta si kupata, na nyie wachimbaji wa maduarani mnalijua hilo kuliko mimi.

Mimi ni mkulima, basi swali langu la kwanza ni la mkulima. Mbegu gani? Nani kaichagua, na mwenye malisho kaulizwa? Huko Baringo, Kenya, miaka ya 1980 ulipandwa mti wa kigeni kwa nia njema kabisa, kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Wenyeji wanauita mathenge. Ukatambaa ukameza malisho, miiba yake ikachoma watu na mifugo, na maganda yake matamu yakawang'oa mbuzi meno. Wafugaji wa jamii ya Ilchamus walifika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Basi msinitajie mbegu kana kwamba kila mbegu ni baraka.

Na sisi Wasukuma hatukuhitaji mzinga kurudisha miti. Shinyanga ilipokuwa imekauka mpaka inaitwa jangwa, mpango wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI ulianza mwaka 1986, na kilichofanya kazi kubwa ni ngitili, jambo la babu zetu: funga eneo la malisho, zuia ng'ombe msimu mzima, subiri. Visiki vilikuwa hai chini. Migunga ikachipua yenyewe. Ardhi ilitaka kuachwa ipumzike, basi.

Lakini mbegu si neno kubwa nililowaitia.

Tarehe 8 Novemba 2017, hapo jirani zetu Ngara, mkoani Kagera, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga alikwenda shuleni na chuma alichokiokota. Alidhani ni chuma chakavu, atauza. Lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Watoto watano walikufa, na wengine zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Nchini Kenya, Dol Dol na Archer's Post, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi, na mabomu yasiyolipuka yakabaki majanini yakisubiri watoto wanaochunga mbuzi. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200. Fedha ilifika. Mikono iliyokatika haikurudi.

Sasa pimeni wenyewe. Tangazo la Marekani lilihusu makombora ya mazoezi. Lakini askari hajifunzi kwa hayo peke yake; siku inafika anarusha la kweli, na katika mengi yanayorushwa lipo linalogoma. Hilo lililogoma ndilo linaloua miaka kumi baadaye. Ganda la kuoza halimwondolei mwenye jeshi kazi ya kurudi uwanjani, kupekua hatua kwa hatua, na kuliteketeza. Ni kazi ya jua kali, haina sifa, wala haitangazwi popote. Nawapa Wamarekani haki yao katika jambo moja tu: uwanja usio na chuma hauna cha kumvuta mtoto wa skrepa, maana vyuma mia vikiwa salama, mtoto hukiokota cha mia na moja bila woga.

Msinitazame hivyo kama vile nasema habari za majeshi ya watu. Baruti mnayo. Mnatega matundu saba kwenye mwamba, mnasikia milio sita, mmoja anasema mawili yalilia pamoja, na kwa kuwa mwenye duara anafoka, mnashuka. Zamu inayofuata kijana anaweka moko palepale anapiga nyundo. Au ile fataki ya kulipulia baruti, iliyogoma, inapanda juu ndani ya kiroba cha mawe, inafika kwa akina mama wanaogonga, au mtoto anaiona: kimrija cha bati kinachong'aa, kifupi kuliko kalamu, na nyaya zake mbili za rangi. Ni kichezeo kizuri mno. Kinakata vidole vyote vya mkono mmoja.

Kwa hiyo wa maduarani, hesabuni milio. Ikipungua mmoja, asishuke mtu mpaka mlipuaji mwenye cheti arudi amalize kazi yake, na mwenye duara akifoka mwacheni afoke. Fataki zilizobaki zirudi stoo zikihesabiwa, zisilale nyumbani chini ya kitanda.

Nawe mwanangu mwenye mizani ya skrepa, neno langu la mwisho ni lako, kwa sababu watoto wanaokota kwa kuwa unanunua. Mtoto akikuambia kaona chuma usichokielewa, mkataze kukigusa. Akija nacho, usikipime, usikigonge, usikitupe kwenye rundo. Mwambie akiweke chini taratibu, ondoa watu wote, mpigie mwenyekiti wa kitongoji na polisi, na usirudi pale mpaka wafike.