Je, Tumwombee Serikalini Mtu Aliyekosa?

Masomo: Filemoni 1:8-20, Mwanzo 40, Mathayo 25:31-46

Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya Onesimo, lakini upepo ulipoanza kupiga mabati hamkunisikia tena, nikakatiza ujumbe katikati. Wengi wenu mliniuliza mlangoni nitamalizia lini. Namalizia hapa, na naongeza jambo ambalo pale madhabahuni sikulisema, kwa sababu linanihusu mimi mwenyewe.

Mama mmoja wa ibada yetu alikuja kwangu na karatasi mbili na kalamu. (Amenikubalia niandike habari hii, mradi nisimtaje jina.) Alitaka nimwandikie barua ya kwenda serikalini. Kijana wake alivuka na mifugo kwenda upande wa Moroto wakati wa ule ukame mrefu, na tangu hapo habari zake ni za kuokota njiani. Mmoja anasema alikamatwa na wanajeshi. Mwingine anasema ameshahukumiwa. Mwingine anasema alimwona kwa macho yake akipandishwa lori, lakini ukimuuliza lori lilielekea wapi, hajui. Hayumo kati ya wale 32 ambao sote tuliwasikia redioni. Huyu hakuna aliyemtangaza.

Nilisoma biashara chuoni, na kuandika barua za ofisi ni kitu nilifundishwa. Nikaanza mara moja: mimi ni mzazi wa kijana asiye na hatia, naomba serikali iingilie kati, na kadhalika. Nikamsomea kwa Kiturkana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, hapo mwanzo futa. Alikuwa na bunduki. Niliiona nyumbani kabla hajaondoka."

Nikamwambia, mama, tukiandika hivyo hakuna mtu ataisoma hii barua hadi mwisho.

Akasema, "Sasa nimdanganye nani? Wale wa Nairobi ama Mungu? Andika kwamba ni mtoto wangu."

Wapendwa, nilikaa na ile kalamu mkononi kama mtu ambaye hajawahi kwenda shule. Maana niligundua sijui kuandika barua ya aina hiyo. Najua kumwombea mtu aliyeonewa. Mtu aliyekosa namwombeaje, tena kwa serikali?

Tazameni tunavyofanya siku zote. Mkenya akifungwa nje, kitu cha kwanza tunachofanya ni kumsafisha. Alidanganywa na ajenti. Mzigo haukuwa wake. Hakuelewa lugha. Na mara nyingi ni kweli kabisa, nisieleweke vibaya. Lakini tumezoea mpaka ni kama usafi wa mtu ndio tikiti ya kusaidiwa, na yule asiyekuwa nayo basi familia yake inyamaze, ilie ndani ya manyatta.

Chukueni habari ya hao 32. Mnaikumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu wengine ni watu wa huku kwetu. Ilikuwa Aprili 2023. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekatika mfululizo tangu mwisho wa 2020, mifugo imeisha, na wachungaji wakavuka kufuata nyasi na maji kama babu zao walivyovuka. Walikamatwa Moroto na bunduki na risasi, na siku chache baadaye mahakama ya kijeshi ya Uganda ikawahukumu miaka 20 kila mmoja. Siku chache! Hapa kwetu kesi ya mbuzi mmoja inaweza kuchukua mwaka. Viongozi wetu walipopiga kelele, sauti zilikuwa mbili. Wengine walisema hawa ni wachungaji tu, hawana kosa. Wengine wakasema mtu aliyevuka mpaka na bunduki avune alichopanda. Sikusikia wengi wakisema sentensi ya tatu, kwamba walikuwa na bunduki, na bado ni watu wetu, na bado walistahili wakili, mkalimani, na hakimu asiyevaa sare za jeshi.

Hiyo ya hakimu si maneno yangu tu ya mpakani. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu kabisa ya Uganda yenyewe ilisema raia hawapaswi kuhukumiwa katika mahakama za kijeshi. Miezi michache baadaye sheria mpya ikapitishwa kule ikarudisha sehemu ya mamlaka hayo, na wanasheria wanaendelea kubishana. Ninachotaka mwone ni kwamba kuuliza umehukumiwa na nani ni swali moja, na kuuliza umefanya nini ni lingine.

Mzee mmoja wa kanisa hakukubaliana nami, na alinipinga vizuri. Alisema, "Pasta, upande ule kuna akina mama pia. Ile bunduki haikubebwa kwa kupiga ndege. Sisi tukipeleka barua ya kanisa kwa ajili ya mwenye bunduki, ndugu zetu Wamatheniko watasema nini juu ya Yesu wetu?" Nilishindwa kumjibu siku ile. Machi 2022 wanajiolojia watatu waliuawa Moroto pamoja na wanajeshi wawili waliokuwa wakiwalinda. Mwaka uliofuata, Mei 2023, Rais Museveni akatoa amri kwamba waliowaua watolewe na ng'ombe walioibwa warudishwe katika miezi sita, la sivyo Waturkana wote waondoke Uganda na mifugo yao. Kosa la wachache likawekwa juu ya wote. Tuliona uonevu, na ulikuwa uonevu. Lakini pia kuna watoto waliobaki bila baba. Mzee wangu yuko sahihi kwamba hatuwezi kuimba juu ya amani ya Lokiriama ya 1973, pale hapa kwetu Loima ambapo silaha zilizikwa na wazee wetu na wa Matheniko, halafu tujifanye hatujui kijana alibeba nini begani.

Kwa hiyo ile barua haikuweza kuomba aachiliwe tu. Tuliiandika upya, mimi na mama. Iliomba mambo machache. Tuambiwe yuko wapi. Mtu wa ubalozi wetu wa Kampala amtembelee. Apate wakili na mkalimani. Kama ana kesi, asomewe akielewa. Kama ameshafungwa, mama ajulishwe ni gereza gani, na siku za kumwona.

Baadaye nilitafuta kama kuna sheria ya jambo hili, nikakuta kwamba ipo tangu 1963. Ni Mkataba wa Vienna juu ya kazi za kikonseli. Kifungu cha 36 kinasema mtu akikamatwa katika nchi isiyo yake lazima aambiwe kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, na akitaka, ujulishwe bila kukawia, na maofisa wake wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Nilikisoma mara mbili nikitafuta mahali wameandika "akiwa hana hatia." Hakuna. Waliokitunga ni wanadiplomasia, si wahubiri, lakini walielewa kitu ambacho mimi nilitaka kukifuta kwa kalamu.

Sasa Onesimo. Alikuwa mtumwa wa Filemoni, akaachana na bwana wake, na inaonekana alimwachia hasara. Paulo anaandika barua kumwombea, na Paulo mwenyewe yuko kifungoni. Mimi niliyesoma hesabu za biashara nilifurahi sana kukuta kwamba katikati ya barua hiyo kuna lugha ya daftari. Hasemi Onesimo hakukosa. Hasemi alidanganywa. Anasema kama kuna kosa au deni, liandikwe kwenye hesabu yake yeye Paulo. Deni linabaki deni. Kilichobadilika ni jina la anayesimama kulilipa. Na kabla ya hapo ameshamwita mwanangu, kama vile yule mama alivyotaka niandike.

Kuna habari ya hivi karibuni inayonifundisha hilo kwa namna ambayo sikuitegemea. Mnakumbuka Stephen Munyakho, Mkenya aliyekuwa akingoja kuuawa Saudia. Mwaka 2011 aligombana na mwenzake wa kazi, raia wa Yemen, na yule mtu akafa. Hakuna aliyekana kwamba mtu amekufa. Mama yake, mwanahabari Dorothy Kweyu, alizunguka miaka na miaka kwa serikali, kwa makanisa, kwa misikiti. Mei 2024 siku ya kuuawa ilikuwa imeshapangwa, serikali yetu ikaomba isogezwe, ikasogezwa. Familia ya marehemu ilikubali kupokea diya ya riyali milioni 3.5, zaidi ya shilingi milioni 100 za kwetu. Julai 2025 alirudi nyumbani. Na aliyelipa deni hilo ni Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu. Semeni amina hata kama inakwama kooni! Sisi tunaohubiri kila wiki juu ya mwingine kutulipia deni tunapaswa kukaa kidogo na jambo hilo.

Nasema haya nikijua serikali si Paulo. Ofisi moja Lodwar ilituambia kitu cha kwanza tulete ni nakala ya kitambulisho cha kijana. Hana. Hana cheti cha kuzaliwa pia. Alizaliwa kwa adakar, wakati boma liko njiani. Yule ofisa hakuwa mtu mbaya, alitupa hata maji ya kunywa. Alituuliza tu swali ambalo lilimfanya mama aangalie chini: "Tutajuaje ni Mkenya?" Yaani kabla ya kuomba serikali imsaidie kijana, ilibidi tuthibitishe kwamba kijana yupo. Mtoto wa mtu mkubwa akikamatwa Dubai, hakuna anayemuuliza hivyo. Hapa ndipo familia nyingi za Loima na Kakuma na Lokichoggio zinakwamia, si kwenye hatia wala usafi. Hata wale Wakenya wanne waliohukumiwa kifungo cha maisha Juba mwaka 2016, angalau walikuwa na pasipoti na familia zinazojua njia ya kwenda Nairobi kugonga milango. Mchungaji wa mbuzi ana jina lake tu, na mara nyingine hilo nalo limeandikwa vibaya na aliyemkamata.

Nikakumbuka daftari letu la ubatizo. Kijana huyu alibatizwa hapa mto Turkwel, mimi nikiwa bado kijana wa kwaya. Nikaenda nikalifungua. Jina lake liko, na la baba yake, na la kijiji, na tarehe. Na juu ya jina kuna mstari wa kalamu nyekundu.

Mstari huo ni wangu. Nilipofanywa mchungaji msaidizi, niliombwa nipange orodha ya washirika. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni kufanya na madeni yasiyolipika. Unayafuta vitabuni ili hesabu iwe safi. Asiyeonekana ibadani miaka miwili, nilichora mstari. Hakuna aliyenituma nikaulize wamekwenda wapi, na mimi sikujituma. Kwa hiyo wakati mama yake alikuwa anaokota habari kwa wapita njia, kanisa lake lilikuwa limeshamwandika kama hasara. Ninavyoona sasa, nilimfuta kabla ya mahakama yoyote.

Tulipiga nakala ya ukurasa ule, pamoja na ule mstari, kwa sababu hauwezi kutoka. Nikaandika pembeni kwamba ni kosa langu na nikaweka sahihi. Chifu akaandika barua yake akithibitisha familia na kijiji, akagonga muhuri. Vyote vikapelekwa Lodwar, na nakala nyingine ikaenda Nairobi kwa Wizara ya Mambo ya Nje na mtu wa basi tunayemwamini.

Mnajua ile habari ya Yusufu gerezani. Alimtafsiria ndoto mnyweshaji wa Farao, akamwomba kitu kimoja, kwamba akirudi ikulu amtaje kwa mfalme. Yule mtu alirudi kazini, akasahau. Miaka miwili. Nimeihubiri mara nyingi nikimlaumu mnyweshaji. Sasa siwezi tena. Alikuwa na kazi nyingi, na Yusufu hakuwa mtu wa kwao.

Mama ananiuliza kila Jumapili kama barua imejibiwa. Bado. Wiki hii aliuliza pia kama kule wanawapa uji. Nilimwambia sijui. Ule wimbo wa mwisho aliusimamia lakini hakuimba.

Kuanzia Alhamisi hii, baada ya maombi ya mchana, nitakuwa ofisini kwa ajili ya familia zenye ndugu waliofungwa nje, iwe Uganda, Sudani Kusini, Ethiopia ama Uarabuni. Kuandikiwa barua ni bure. Njoo na jina kamili na majina mengine anayoitwa, jina la kijiji na la chifu, picha kama ipo, na namba ya simu ya mtu wa mwisho aliyemwona. Kama unajua alifanya nini, niambie tu ukweli. Sitaliweka neno ambalo hutaki kwenye barua, na sitatoa neno la kweli ulilosema. Daftari la ubatizo litakuwa mezani, na wale niliowachorea mstari nimeanza kuwatafuta mmoja mmoja. Hadi sasa ni majina 41.