Nani Atamsomea Baba?



Ndugu zangu wasomaji, mwezi wa Rajabu uliopita nilimnunulia baba yangu spika ndogo, ya zile zinazotiwa kadi ya kumbukumbu. Niliijaza Qur'ani nzima kwa sauti ya msomaji anayempenda, mihadhara ya masheikh wa Mombasa na Zanzibar, na vitabu viwili vya Kiswahili nilivyovisoma na kuvirekodi mwenyewe kwa simu. Juu ya vitufe nilibandika vipande vya kitambaa ili avitambue kwa kidole: kigumu ni cha kuwashia, laini ni cha kwenda mbele. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Nilipomkabidhi, baba aliniombea dua ndefu. Mama alikuwa anachambua maharage. Akainua macho, akasema, "Haya, umejipatia wa kukushikia zamu."

Aliisema kwa kucheka, nami nikacheka. Lakini neno lile nilipanda nalo chuoni, na mpaka leo halijaniachia. Ndilo lililonikalisha niandike makala haya. Swali lenyewe ni hili: ikiwa mashine inaweza kutekeleza wajibu wangu, na pengine kuutekeleza vizuri kuliko mimi, je, wajibu huo umenitoka?

Niwaeleze kwanza zamu yenyewe. Baba ni fundi cherehani wa Buyenzi. Maisha yake yote aliishi kwa macho na vidole, na jioni alisoma. Alisoma vitabu vya Shaaban Robert vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka Kigoma, alisoma magazeti ya wiki iliyopita, na zaidi ya vyote alisoma tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy pamoja na maelezo yake ya chini. Kisha ukungu ukaanza kuingia pembeni mwa macho yake. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba dawa zingezuia kilichobaki, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Leo anatofautisha mchana na usiku, na kidogo zaidi ya hapo. Kutunga uzi kwenye sindano alishaacha. Kusoma hakukubali kuacha, kwa hiyo mimi nikawa macho yake. Kila Ijumaa ninashuka nyumbani, na baina ya Magharibi na Isha ninamsomea, mpaka Jumapili ninaporudi chuoni.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani neno la mama, hakuona tatizo. Alinijibu kama mwanafunzi wa uchumi anavyojibu: angalia matokeo. Zamani baba alisomewa siku tatu kwa wiki, sasa anasomewa siku saba. Zamani alingoja mpaka mtoto apate nafasi, sasa anasikiliza saa nane ya usiku akikosa usingizi, bila kumwamsha mtu. Zamani aliomba, sasa anabonyeza. "Unajua inavyouma kwa mzazi kumwomba mtoto kila kitu?" aliniuliza. "Umemrudishia heshima yake, halafu unajilaumu."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki mseme kwamba hoja yake ni nyepesi. Ina uzito. Baba mwenyewe aliniambia kwamba usiku umekuwa mfupi tangu spika iingie ndani. Anayesema teknolojia inaharibu familia, na asiseme mbele ya kipofu aliyepata cha kusikiliza.

Lakini dini yetu imetufundisha kuuliza swali jingine kabla ya kuhesabu matokeo. Wanazuoni wetu waligawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi kifaya, ambayo wakiifanya baadhi wengine wamesalimika, kama kumwosha maiti na kumzika. Cha muhimu hapo ni jambo litendeke. Na iko faradhi ain, ambayo kila mtu anadaiwa yeye mwenyewe. Mtu anaweza kunitolea zaka nikimwakilisha, na asiyeweza tena kusafiri anaweza kuhijiwa. Lakini hakuna atakayenisalia Adhuhuri, hata awe na swala nzuri kuliko yangu mara elfu.

Fikirieni adhana. Kaseti inaweza kumtoa muadhini mwenye sauti tamu kuliko yeyote aliyeko mtaani kwetu, na haitachelewa hata dakika moja. Pamoja na hayo, wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema adhana iliyorekodiwa haitoshelezi. Maneno ni yaleyale, sauti ni ya mtu wa kweli, ila hapo hakuna mtu aliyesimama na kunuia. Niliposoma hilo, nilivikumbuka vile vitabu viwili nilivyomrekodia baba kwa sauti yangu mwenyewe.

Basi wema kwa wazazi uko fungu gani? Tunajua kisa cha yule kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Aliulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wako hai, aliambiwa jihadi yake aende akaifanye kwao. Wanazuoni wanalieleza hilo kwa mafungu yaleyale mawili: kwenye safu ya vita wangepatikana wengine wa kusimama mahali pake, nyumbani kwa wazazi wake nafasi ilikuwa yake.

Ningeweza kuishia hapa nikajiona mshindi. Nimrudie mwenzangu chumbani nimwambie: umeona? Mashine ni mashine, mtoto ni mtoto. Ila kuna jambo sijawaambia, na nisipolisema makala haya yatakuwa ya uongo.

Miezi miwili kabla ya kununua ile spika, ilikuwa Jumamosi, nilikuwa ninamsomea baba huku simu iko juu ya goti langu, sauti nimeizima. Uingereza kulikuwa na mechi. Mdomo ulikuwa unasoma, macho yalikuwa yanaruka baina ya ukurasa na kioo cha simu. Nilipomaliza, baba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Ukurasa huu tuliusoma jana. Si kitu, endelea." Alikuwa ameujua tangu mstari wa kwanza. Alinisikiliza nikiusoma wote mpaka mwisho, asinikatize.

Ndugu zangu, jioni ile nani alikuwa mashine? Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, magoti yetu yanakaribia kugusana, na bado sikuwapo. Kama ni kaseti, nilikuwa kaseti mbovu, kwa maana kaseti nzuri hairudii ukurasa. Tunapenda kusema mashine zimechukua nafasi zetu. Mimi nafasi yangu nilikuwa nimeshaiacha wazi. Spika ilikuja kukaa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Kumbukumbu hiyo ilinivuta kwenye nyingine. Machi 2019, nikiwa bado sekondari, timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilitoka sare ya 1-1 na Gabon hapa Bujumbura na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa ameanza kupoteza macho. Tuliisikiliza redioni, yeye na mimi, na mtangazaji alikuwa hodari, hakubakisha kitu. Hata hivyo kila baada ya dakika chache baba aliniuliza, "Unaonaje?" Sikuwa ninaona chochote. Kwa mechi ile sote wawili tulikuwa vipofu. Lakini alitaka kujua ninaonaje, nami nilimjibu, tukabishana juu ya kiungo ambaye hatukumwona. Baadaye kule Misri tulifungwa mechi zote tatu bila kupata bao hata moja, na tuliisikiliza kila mechi. Habari ya mpira baba aliipata kwa redio. Kwangu alitaka kitu kingine, na siku hizo nilikuwa nacho.

Baada ya mwezi mmoja wa ile spika nilimuuliza kama inamfaa. Akaisifu, akataja muhadhara alioupenda. Kisha akasema, bila kulalamika, "Juzi nilisinzia, yenyewe ikaendelea kusoma. Wewe nikisinzia hunyamaza."

Nadhani jibu la swali langu limo humo. Mnakijua kisa cha watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake bora. Mmoja wao alitaja usiku aliochelewa kurudi na maziwa, akawakuta wazazi wake wazee wamelala. Hakuwaamsha, wala hakutaka wengine watangulie kunywa kabla yao, hata watoto wake waliokuwa wakilia miguuni pake. Alisimama na chombo mkononi mpaka alfajiri. Mwenzangu wa uchumi angeuliza: kwa nini asikiweke tu kando ya kitanda? Maziwa yangefika vilevile. Ni kweli, yangefika. Ila mtu yule alikuwa amewatazama wazee wake, akaona wamelala, na usiku wake wote akaupanga kwa usingizi wao. Hicho ndicho chombo kilichowekwa kando ya kitanda kisingeweza kukifanya. Hakijui kama mtu amelala.

Kwa hiyo simwambii mtu yeyote asinunue spika. Nunueni. Kazi inayoweza kubebwa na mashine, ibebwe, na mzee asingoje Ijumaa ili asikie aya moja. Lakini mashine imenifichulia jambo ambalo kazi ilikuwa inalificha. Zamani nilikuwa ninasema "ninamhudumia baba", na huduma ilionekana: kitabu, sauti, kurasa kumi. Sasa kurasa zinasomwa bila mimi. Kilichobaki ni mimi kukaa pale na kumtazama, na hicho hakina kisingizio. Kukaa na mzazi bila kazi mkononi ni kugumu kuliko kumsomea. Nilikuwa silijui hilo.

Nimejipa kipimo kimoja, na ninawapa na nyinyi: muda niliouokoa kwa mashine, nimeupeleka wapi? Nilipohesabu kwa uaminifu, saa ambazo spika ilinipunguzia nilizitumia kutafuta matokeo ya mpira wa nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Mitihani nilikuwa ninaitaja kwa mama tu.

Ijumaa hii nitashuka Buyenzi, inshaallah. Simu nitamwachia mama jikoni. Spika tutaiwasha, isome yenyewe maelezo ya chini ya sura tuliyoifikia, na tukifika mahali pa kubishana nitaizima. Na baba akisinzia, nitanyamaza.

Allah atuwafikishe kuwatazama wazazi wetu kabla hatujabaki kuwaombea tu, na awarehemu wale waliokwisha kututangulia. Wabillahi tawfiq.