Ni Nani Ameshika Ahadi Yako?

Maandiko: Mwanzo 25:29-34, Yakobo 2:15-16, Yakobo 5:4, Waefeso 1:13-14



Alhamisi iliyopita nilikuwa ofisini nikitayarisha somo jingine kabisa, mzee mmoja wa kanisa hili akabisha mlango. Amenipa ruhusa niyaseme haya bila jina lake. Aliendesha malori ya kampuni moja kwa miaka 27, na mwezi wa Mei alistaafu. Akaketi, akaweka bahasha ya kaki mezani. Akasema, "Pasta, hii ni mbegu. Laki mbili."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, umeitoa wapi?"

Akanieleza. Mfuko wao wa pensheni ulimpa theluthi moja kwa mkupuo, kama sheria ya Kenya inavyoruhusu. Theluthi mbili zilizobaki zimepelekwa kwa kampuni ya bima, nayo itamlipa kidogo kidogo kila mwezi maadamu yu hai. Hayo ya kila mwezi yeye hayataki. Alisikia mhubiri redioni akisema kwamba ukipanda mbegu inayokuuma, mlango unafunguka kwa siku 90. Kwa hivyo alitaka nimwombee mambo mawili: mbegu izae haraka, na watu wa bima waachilie pesa zote mara moja.

Sasa niwaambie ukweli, maana hapa ni nyumbani. Mnajua paa la darasa la watoto linavyovuja. Nilipoishika ile bahasha, kabla sijaomba, nilihesabu mabati. Mungu anisamehe. Nilihesabu mpaka misumari.

Nikamwambia, "Mzee, rudi nayo nyumbani. Nipe mpaka Jumamosi niombe." Akaondoka bila furaha.

Jioni hiyo kijana wetu wa vyombo alikuwa akitengeneza waya za spika huku akicheka na simu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Pasta, kuna mtu Marekani aliacha kucheza zamani, na juma hili tarehe 1 Julai amelipwa tena na klabu yake." Nikavuta kiti. Nilipata mahubiri pale, kati ya spika na waya.

Mtu huyo anaitwa Bobby Bonilla. Alicheza besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwaka 2000 klabu ya New York Mets haikumtaka tena, lakini bado ilikuwa na deni lake la dola milioni 5.9. Angeweza kusema, "Nipeni changu niende." Badala yake yeye na wakala wake, Dennis Gilbert, ambaye alijua mambo ya bima, walikubaliana na klabu hivi: msinilipe sasa, wekeni riba ya asilimia 8, mnianze mwaka 2011. Kuanzia mwaka huo, kila tarehe 1 Julai, Bonilla hupokea dola 1,193,248 na senti 20. Malipo ni 25, na la mwisho ni mwaka 2035, akiwa na umri wa miaka 72. Ukijumlisha yote ni karibu dola milioni 30. Mechi yake ya mwisho aliicheza 2001!

Mwambie jirani yako, "Akiba haiozi." Amina?

Lakini ngojeni, msipige makofi bado. Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimewahubiria riba, si Neno. Na tena ningekuwa nimemdhulumu Esau.

Tunamcheka sana Esau. Aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu! Lakini soma vizuri. Haki ile ilikuwa mali ya baadaye. Huwezi kuila leo wala kuivaa. Na Esau alitoka porini amechoka, njaa imemshika. Bonilla aliweza kungoja miaka 11 kwa sababu nyumbani kulikuwa na chakula. Yuko mwingine, Shohei Ohtani, Mjapani aliyetia sahihi na Los Angeles Dodgers mwezi wa Desemba 2023: dola milioni 700 kwa miaka 10. Alikubali kupokea milioni 2 tu kwa mwaka akiwa uwanjani, na zile 68 za kila mwaka zingoje zilipwe kati ya 2034 na 2043, tena bila riba. Tunamsifu, lakini huyu ana mapato makubwa ya matangazo ya biashara. Hangoji akiwa na sufuria tupu.

Wapendwa, ni rahisi kumhubiria subira mtu aliyeshiba. Yakobo anatuuliza faida iko wapi ukimwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, apate moto, ashibe, nawe hukumpa kitu. Kwa hivyo kabla ya kumwambia mtu "ngoja", uliza kwanza sufuria yake inasemaje. Nitarudi hapo.

Jambo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Kwa nini klabu ilikubali kulipa karibu milioni 30 badala ya 5.9? Je, walikuwa wajinga? La. Ile pesa waliihitaji wakati ule kwa wachezaji wengine, na kweli mwaka huo huo wa 2000 walifika World Series, fainali yao kubwa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Familia ya Wilpon, iliyokuwa miongoni mwa wamiliki wa wakati ule, ilikuwa imeweka pesa nyingi kwa mtu wa New York aitwaye Bernie Madoff. Karatasi zake ziliwaonyesha faida nzuri, mwaka baada ya mwaka. Ukiwa na faida kama hiyo, kumlipa mtu asilimia 8 baadaye ni kama bure.

Desemba 2008 Madoff akakamatwa. Hakukuwa na biashara. Alikuwa akichukua pesa za wanaoingia leo kuwalipa walioingia jana. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 150, na mwaka 2021 akafia gerezani.

Umeona? Huyu mchezaji alingoja, na wale matajiri nao walingoja. Wote walikuwa na karatasi na wote waliitazamia kesho. Tofauti haikuwa subira. Tofauti ilikuwa ni nani ameshika ahadi. Mwaka 2020 klabu iliuzwa, ikapata mwenyewe mpya, Steve Cohen, na mkataba wa Bonilla haukufa. Julai ikifika, hundi inatoka. Lakini ahadi ya Madoff ilikufa siku mlango ulipobishwa, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kitu.

Kwa hivyo swali la leo si "Je, unaweza kungoja?" peke yake. Swali ni, "Ni nani ameshika ahadi yako, na nyuma yake kuna nini?"

Sikiliza jambo hili, wewe unayependa kusema Biblia haihusiani na mikataba. Katika makubaliano ya klabu za besiboli za Marekani na chama cha wachezaji, klabu ikiahidi malipo ya baadaye, haiachwi na maneno matupu. Kuna muda umewekwa, na kabla haujaisha ni lazima itenge pesa zinazotosha, kwa thamani ya leo, kulibeba lile deni. Mchezaji bado hajalipwa, lakini kuna kitu kimewekwa.

Paulo aliwaandikia Waefeso jambo hilo hilo kabla ya besiboli kuzaliwa. Anasema tulipoamini tulitiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu, naye ndiye arabuni ya urithi wetu. Arabuni! Ukinunua shamba unajua arabuni. Ni pesa ya kweli inayotangulia, ili muuzaji ajue hii si hadithi. Mungu hakutuahidi mbingu akatuacha na karatasi. Ameweka kitu ndani yako. Ile amani uliyokuwa nayo siku ya mazishi ya mama yako, majirani wakashangaa, ni arabuni. Ule mdomo uliokuwa wa matusi na leo unaomba, ni arabuni. Unapokea sehemu leo ili ujue yaliyobaki yanakuja. Haleluya!

Na kwa sababu hiyo, yeyote anayekuahidi kwa jina la Mungu lakini hana arabuni, ana tarehe tu, siku 90, siku 21, kabla ya Krismasi, muulize maswali. Nyuma ya ahadi hii kuna nini? Maana Mungu hajatia sahihi kila karatasi iliyoandikwa jina lake. Na mimi ninatubu mbele yenu. Miaka iliyopita, katika madhabahu hii, nimewahi kutaja siku. Wengine wenu mlileta pesa za karo, siku zikapita, mkanyamaza kwa heshima. Nisameheni.

Jumamosi nilikwenda kwa mzee. Nilikwenda na shemasi mmoja na mama wa idara ya huruma. Nikamsimulia habari za Bonilla, akacheka mpaka akakohoa. Akauliza, "Na huyo hatoi mbegu?" Nikamwambia, "Mzee, mbegu hutolewa kwa shukrani. Huwezi kumpelekea Mungu pesa kama mtu anayeweka dau." Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza Alhamisi: "Kwa nini una haraka?"

Akanyamaza. Mke wake ndiye aliyesema. Mjukuu wao, waliyeachiwa na binti yao, amerudishwa nyumbani kwa karo. Na mkopo wa simu unawapigia kila asubuhi. Ndiyo hiyo. Esau hakuwa mpumbavu, Esau alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa karibu kumuuzia dengu.

Tuliketi na kalamu. Ile laki mbili ililipa karo ya muhula na kumaliza mkopo, na iliyobaki ameiweka katika sacco yake. Idara ya huruma itapeleka unga na mafuta kwa miezi mitatu, mpaka malipo ya kila mwezi yaanze kuingia. Ametoa sadaka ya shukrani leo asubuhi. Ni ndogo. Paa bado linavuja. Lakini nimelala usingizi.

Neno la mwisho, na hili ni la kwangu kwanza. Yakobo 5 anasema mshahara uliozuiliwa wa wafanyakazi unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Kuna malipo ya baadaye, na kuna wizi unaojificha nyuma ya neno "baadaye". Nilipotoka kwa mzee niliomba kuona makaratasi ya mlinzi wetu wa hapa kanisani. Makato yake ya NSSF ya miezi minne tumeyakata na hatujayapeleka. Sisi! Wazee wamekubaliana yalipwe pamoja na adhabu yake kabla ya Jumapili ijayo, na mlinzi nimemwomba msamaha uso kwa uso. Wewe uliye na duka, hoteli, matatu, nenda kaangalie yako. Nawe uliyeajiriwa, usikae tu ukiamini. Uliza kama makato yako yanafika.

Na nyinyi vijana mnaokimbia na kucheza mpira, miguu ina miaka yake. Pesa ya kwanza ikija, usiile yote kama Esau. Tafuta mtu mwaminifu, weka, andika, na usome kabla ya kutia sahihi.

Tuombe. Bwana, uliye mwaminifu kwa ahadi zako, tufundishe kungoja kwako wewe. Utuzuie tusiwauzie wenye njaa. Wanaosubiri haki yao, uwafikishe. Asante kwa arabuni ya Roho wako. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni ahadi gani unayoingoja sasa, na ni nani ameishika?
2. Ni nani katika kikundi chenu anayelazimika kuuza kesho yake kwa sababu ya njaa ya leo? Mtamfanyia nini juma hili?
3. Taja arabuni moja ambayo Roho Mtakatifu amekupa tayari.