Kuhamia Msituni: Ni Kukimbia na Dini au Kuzikimbia Haki?

Katika darasa letu la baada ya Isha aliinuka ndugu mmoja akatuuliza mas-ala ambayo tuliahidi kuyajibu katika ukurasa huu, kwani tumeona kuwa si yake peke yake. Ndugu huyu ni mtu mzima. Amefanya kazi bandarini miaka mingi na sasa amestaafu. Amezaliwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, na nyumba anayokaa ni ya urithi, ni yake yeye na dada zake wawili, na mmoja katika hao dada haoni.

Alisema: "Shekhe, nimechoka. Usiku silali kwa kelele za pikipiki na muziki. Vijana wa mtaa wetu wameharibiwa na unga, na kila barazani nikaapo husikia kusengenyana. Nimeonyeshwa shamba la ekari tatu huko milima ya Taita, ukingoni mwa msitu, lina chemchemi yake, na bei yake hainunui hata chumba kimoja hapa mjini. Nataka kuuza fungu langu la nyumba nihamie huko, nimuabudu Mola wangu mpaka ifike siku yangu. Je, huku siko kule kukimbia na dini kulikosifiwa?"

Hatukumjibu usiku ule. Sababu, twaikiri bila ya kuficha, ni kuwa nyoyo zetu zilikwisha kwenda naye.

Tuliwahi kuipanda milima hiyo, nasi twaijua ladha yake. Mtu hutoka Mombasa, akenda kilomita kama 160 katika nchi ya joto na vumbi mpaka Voi, kisha akageuka kwa njia ya Mwatate akapanda kuelekea Wundanyi. Kila akipinda kona upepo wabadilika, mpaka afikapo juu akajiona yumo katika ukungu na baridi, hali asubuhi ile ile aliamka akitoka jasho. Kilele cha Vuria chapita mita 2,200 juu ya bahari. Tulisali Alfajiri huko, na hapakusikika ila ndege na maji. Tukasema moyoni: lau Mungu angetujaalia kibanda hapa! Basi asidhani ndugu yetu kwamba twamjibu hali hatujui alitakalo.

Ama dalili za kumuunga mkono, ziko. Amepokea Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitoa khabari ya zama ambazo mali bora ya Muislamu itakuwa ni kondoo, awafuate kwenye vilele vya milima na mahali pa mvua, akiikimbiza dini yake na fitina. Vijana wa Pangoni, ambao kisa chao kimo katika Sura ya Kahf, waliwaacha watu wao walipokuwa hawawezi kumuabudu Mungu kati yao. Na Mtume wetu mwenyewe kabla ya wahyi alikuwa akipanda kwenye pango la Hira akakaa masiku kadha wa kadha peke yake. Mwenye kusema kuwa upweke hauna asli katika dini, huyo amesema asilolijua.

Lakini dalili haisomwi nusu. Ni Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliyetufundisha kwamba muumini achanganyikaye na watu akastahimili udhia wao ana ujira mkubwa kuliko asiyechanganyika nao wala asiyestahimili. Tena imepokewa kwamba mmoja katika Masahaba alipita bondeni mlimani, akaona chemchemi ya maji matamu, pakampendeza. Akatamani ajitenge na watu akae pale, lakini akasema hafanyi mpaka kwanza amuulize Mtume. Alipomuuliza, Mtume alimkataza, akamwambia kuwa kusimama kwake katika njia ya Mwenyezi Mungu ni bora kuliko kusali nyumbani kwake miaka 70. Tazama, ndugu msomaji, jinsi kisa hiki kinavyofanana na cha ndugu yetu: mlima ni mlima na chemchemi ni chemchemi. Na huko Hira, Mtume alikuwa akirudi kwa Bibi Khadija kuchukua masurufu, na wahyi ulipomshukia aliteremka kwa watu, wala hakufanya pango kuwa maskani.

Wanavyuoni wamezikusanya dalili hizi kwa kusema kwamba hukumu yafuata hali ya mtu na hali ya zama. Imamu Ghazali ni shahidi mzuri katika jambo hili, kwani alilionja. Mwaka 1095 aliiacha Baghdad, na heshima yote aliyokuwa nayo katika chuo cha Nidhamiyya, akajitenga kwa muda wa miaka kama 11, kisha mwaka 1106 akarudi kusomesha huko Nishapur. Katika Ihya ameweka kitabu kizima cha kujitenga, akapima faida zake na madhara yake. Na jambo moja alilolisisitiza ni hili: mwenye kujitenga na anuie kwanza kuwaepusha watu na shari yake yeye, ndipo anuie kuepukana na shari zao.

Hapa ndipo lilipo shina la mas-ala yetu. Ndugu yetu ametuhesabia shari za mji moja baada ya moja, na kweli amesema. Hakutaja hata moja ambayo mji waipata kwake. Mwenye kutoka kwa kujiona kuwa yeye ni safi na wenziwe ni wachafu, huyo amekwenda na fitina yake mfukoni, na msitu hautamtoa.

Basi sisi hatumuulizi ndugu yetu kama mlima ni halali. Mlima ni halali. Twamuuliza khabari za haki, nazo ni za namna tatu.

Kwanza ni haki za anaowaacha. Mtume (S.A.W.) amemuamrisha mwenye kushirikiana na mwenziwe katika nyumba au shamba asiuze fungu lake mpaka kwanza amuarifu mshirika wake. Je, dada zake wameambiwa? Akija mnunuzi mgeni akaingia katika nyumba ile, yule dada asiyeona, ambaye aijua kila ngazi na kila mlango kwa mkono, atakaa na nani? Ibada ya sunna mlimani haimlipi dada haki yake ya wajibu mjini. Na katika haki hizi imo ya Ijumaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Ijumaa yataka wanaume 40 wenye maskani mahali hapo. Waislamu wako Taita, na misikiti iko, lakini mwenye kwenda kukaa peke yake ukingoni mwa msitu na ajue tangu sasa atasali wapi, na nani atamuosha na kumzika siku ile aliyoitaja kwa ulimi mwepesi. Tumeonywa kuwa mbwamwitu humla kondoo aliyejitenga na kundi.

Pili ni haki za anaowaendea, na hili ndilo lililotutia uchungu zaidi, kwa kuwa watu wa mjini hawalifikiri kabisa. Twasema: "mahali pa upweke, hapana watu." Nani amesema hapana watu? Pale ambapo mgeni haoni ila miti na ukungu, mwenyeji ajua mpaka wa kila bonde: hili ni la fulani, hapa wamezikwa wazee, hapa hupita wanawake kwenda kuteka maji. Wataita wamelima matuta katika miteremko ile na kugawana maji ya mifereji tangu zamani, na mboga zao ndizo tuzilazo Mombasa. Hata misitu yao midogo waitayo fighi ilikuwa na wazee wake wa kuilinda. Sisi hatufuati ibada za kale za mahali hapo, lakini adabu ya kutoingia kwenye ardhi ya watu kama kwamba haina wenyewe ni adabu ya dini yetu pia.

Na bei ile iliyomfurahisha ndugu yetu, kwa nini ikawa rahisi? Mara nyingi ardhi huwa rahisi kwa kuwa mwenyewe amebanwa: karo ya mtoto, dawa ya mzazi, deni la duka. Wanavyuoni wamechukia kumnyonya mwenye dhiki katika mauzo yake, hata ikiwa mkataba wenyewe wasihi. Pengine huwa rahisi kwa kuwa muuzaji si peke yake mwenye haki, na nduguze hawana khabari. Na pengine ni rahisi kwa kuwa si ya muuzaji kamwe, ni kipande cha msitu. Katiba ya mwaka 2010 imeuhesabu msitu wa serikali kuwa ni ardhi ya umma, na mtu binafsi hawezi kuuuza. Mtume (S.A.W.) amemuahidi mwenye kudhulumu ardhi, hata kama ni shubiri moja, kwamba atavishwa shingoni kadiri yake kutoka katika ardhi saba. Ni ibada gani hiyo ya mlimani ambayo msala wake umetandikwa juu ya shubiri ya dhuluma?

Ndugu zetu, sisi watu wa pwani tuna donda letu katika jambo hili. Ni wangapi kati yetu ambao babu zao waliuza kiwanja cha ufuoni kwa bei ya dhiki, kisha akaja mwenye fedha akajenga ukuta, na leo mjukuu wa muuzaji hawezi kupita kwenda kuvua? Twayazungumza haya kila barazani, na haki yetu kuyazungumza. Basi vipi twapanda mlimani na pochi zetu kuwafanyia Wataita lile lile tulilofanyiwa, kisha tukaliita zuhudi? Imani ya mtu haitimii mpaka ampendelee nduguye lile alipendalo nafsini mwake, na twafahamu kuwa jirani yaingia katika hukumu hii awe Muislamu au asiwe.

Tatu ni haki ya msitu na maji. Milima ile husimama mbele ya upepo utokao baharini, na miti yake hukamata ukungu ikaugeuza maji. Msitu wa asili uliobaki ni vipande tu, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, na wamo humo ndege wasiopatikana penginepo duniani. Mwenye kukata miti juu ya chemchemi amewakatia maji walio chini yake. Na sisi Mombasa hatuwezi kusema kuwa mambo ya milima si yetu: maji ya Mzima, yaliyoletwa mjini kwetu kwa bomba mwaka 1957, asili yake ni mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu. Twatawadha kwa maji ya mlima kila siku bila ya kuuona. Watu wameshirikishwa katika maji na malisho na moto. Basi asiseme mtu "chemchemi yangu" kisha akaizungushia senyenge.

Jawabu yetu, basi, ni hii. Mwenye kutaka kupumzisha moyo na aende siku kumi, kama Hira, kisha arudi. Hilo ni jema na halina lawama. Ama mwenye kutaka kuhamia kabisa, na akae kwanza na walio wake mpaka waridhike kwa ukweli, si kwa haya. Kisha na aende akakae na wale wenyeji msimu wa mvua na msimu wa kiangazi kabla ya kutoa hata shilingi. Na aitazame hati katika afisi ya ardhi, awasikie mke wa muuzaji na nduguze, wala asilipe fedha zote mpaka ipatikane idhini ya bodi ya ardhi, ambayo sheria yaitaka kwa shamba la kilimo. Na alipe bei ambayo yeye mwenyewe angeridhika nayo lau angekuwa ndiye muuzaji. Akitimiza haya, akaenda kwa nia ya kuwa jirani, sisi tutamuombea dua na tutakwenda kumzuru. Lakini huyo hakwenda kujitenga. Amehama mtaa mmoja akaingia mtaa mwingine, na majirani wake ni wengine.

Tulipomsomea ndugu yetu jawabu hii kabla ya kuichapisha, alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akatuuliza: "Na hawa vijana wa unga, Shekhe, nyinyi mumewafanyia nini tangu niliposimama usiku ule?" Hatukuwa na jawabu. Darasa letu hukaa hatua 40 kutoka kwenye kichochoro wanapokaa vijana hao, na mlango wetu huufunga kwa ajili ya kelele zao. Tukafahamu kwamba mtu aweza kujitenga milimani ndani ya Mombasa, na huenda upweke wetu ulikuwa mwovu kuliko wake, kwani yeye angalau aliuliza.

Tangu Ijumaa iliyopita mlango huo hatuufungi. Mmoja wao ameingia mara mbili, akakaa nyuma, hakusema neno. Ndugu yetu bado hajanunua wala hajaacha azma yake. Amekwenda Taita siku kumi, na kabla ya kwenda alimuachia dadake mtu wa kumtazama.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe utulivu usiojengwa juu ya haki ya mtu, na atujaalie tuwe watu ambao jirani akisikia kuwa twahama, husikitika. Wallahu aalam.